Kibodi Haina Kosa

Mwanangu, acha kuipiga hiyo kibodi. Haina kosa. Kompyuta imejizima yenyewe kazi ya mteja ikiwa nusu, sawa, nimeona; lakini ukiivunja kibodi utanunua nyingine kwa hela yako, na mfumo uliokukera utabaki vilevile. Mteja mwombe radhi, umwambie apite tena baada ya saa moja. Akitaka kusubiri, mpe kiti. Kisha nisikilize. Haya nimewaambia wengi waliokaa kwenye viti kama hicho, na kusema kweli nimechoka kuyarudia, ila wewe hujayasikia bado, na asiyeambiwa halaumiwi.

Kwanza, hasira yako ni halali. Nataka ulisikie hilo kutoka kwa mtu mzima, kwa sababu mafundi wetu wana tabia ya kumwambia kila anayelalamika kwamba hajui kompyuta. Mama wa steshenari pale Makanyagio, hapa kwetu Mpanda, anayechapa barua za watu, kuprinti matokeo ya mitihani na kutoa kopi za vyeti tangu asubuhi mpaka giza linaingia, huyo anaijua kompyuta. Anaijua kwa mikono. Ukimkatiza kwa skrini ya buluu inayomwamuru asubiri na asizime, halafu ukamwambia kosa ni lake, umemdhulumu.

Hata serikali yetu iliwahi kuikasirikia kompyuta. Ile ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, utaalamu wa kuziendesha ukiwa bado mikononi mwa wageni, na kazi ikaharibika: hesabu zikachelewa, zikavurugika, hasara ikawa kubwa. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hasira ya Hazina ilikuwa na msingi wake. Dawa waliyoichagua ndiyo iliyotugharimu, maana watu walikuwa hawajafundishwa, na badala ya kuwafundisha wakaifungia mashine. Vijana wa wakati ule walikosa miaka ambayo wenzao kwingineko waliitumia kujifunza. Kwa hiyo kasirika, mwanangu, ila uchague unakasirikia nini na utafanya nini baada ya kukasirika.

Mfumo endeshi, huo ambao mafundi huuita windo tu hata ukiwa wa namna gani, umebuniwa na watu wenye umeme usiokatika, intaneti isiyopimwa na uwezo wa kununua mashine mpya kila baada ya miaka michache. Sisemi wana nia mbaya. Nasema walipokaa kuubuni, mtu wa Mpanda hakuwamo chumbani. Mji huu umeishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa umeme wa majenereta ya dizeli. Laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupita Inyonga imejengwa juzijuzi tu. Aliyejifunza kompyuta hapa alijifunza pia kuhifadhi kazi kila baada ya aya, na kujua UPS yake inabeba dakika ngapi. Intaneti yetu nayo ni ya simu. Ni bando, na bando lina mwisho.

Hapo ndipo ugomvi wa masasisho unapoanzia. Umewasha hotspoti ya simu ili umtumie mteja waraka wa kurasa mbili. Windows inaiona hotspoti hiyo kama Wi-Fi nyingine yoyote, inaanza kushusha sasisho kimyakimya, na sasisho kubwa linaweza kufika gigabaiti kadhaa. Waraka haujaondoka, bando limekwisha, mteja anakutazama. Hili halihitaji fundi. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la hotspoti yako, washa palipoandikwa Metered connection. Kuanzia hapo mashine itajua kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza ulafi wake. Palipoandikwa Pause updates unaweza kuyasimamisha masasisho hadi wiki tano. Na ipo sehemu ya Active hours, ambapo unaitajia saa zako za kazi ili isijiwashe upya watu wakiwa kwenye foleni. Inakubali mpaka saa 18 kwa siku, na mimi sijaona steshenari ya Mpanda inayofunguliwa zaidi ya hapo.

Lakini usifanye kama wale wanaomwita fundi ayazime masasisho kabisa, yasirudi tena. Najua wanavyojisifu: kompyuta imetulia, haisumbui. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu lililokuwa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa bitcoin kwa kila mashine. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 isiyosasishwa, na kiraka kilikuwepo, tena bure. Basi utafute siku yako. Jumapili jioni, betri imejaa, bando la usiku limenunuliwa kwa kazi hiyo tu, hakuna mteja, hakuna kazi iliyoachwa wazi. Iache ijisasishe huku wewe ukila chakula chako. Umeme ukikatika katikati, laptopu itashikwa na betri yake. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiisasishe kamwe mawingu yakiwa yametanda.

Sasa nije kwenye kero inayowaumiza wazee kuliko vijana. Windows 95 ilitoka Agosti 1995 ikiwa na kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto, na watu wakajifunza kuanzia hapo. Windows XP ikaja Oktoba 2001, ikakaa, watu wakazeeka nayo. Mpaka leo ukiitaja kwa makarani waliostaafu huwaona wakichangamka. Windows Vista iliyofuata sina la kusema juu yake ila kwamba ilikuwa nzito. Windows 7 ya mwaka 2009 ikatulia. Kisha Oktoba 2012 ikaja Windows 8, kitufe cha Start hakipo. Ukiwasha unakutana na skrini nzima ya vigae vya rangi, kana kwamba kila mtu duniani ana kompyuta ya kugusa kwa kidole. Malalamiko yakawa mengi hata mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa, ila menyu yake kamili ikasubiri mpaka Windows 10, Julai 2015. Tangu hiyo Windows 8 mipangilio imegawanyika sehemu mbili, Control Panel ya zamani na Settings mpya, na miaka zaidi ya kumi haijatosha kuimaliza kazi ya kuziunganisha. Printa unaiongezea huku, hitilafu yake unaifuata kule. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya uliyoyazoea yakawa yamefichwa nyuma ya mstari mwingine unaokuambia kuna zaidi.

Kijana huona haya ni madogo, kwa sababu yeye anajifunza leo kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeishi na mashine miaka mingi ameweka ujuzi wake kwenye vidole. Hatazami anapobofya, anazungumza na mteja, anahesabu chenji, mkono unaenda wenyewe. Ukikihamisha kitufe umeuchukua ujuzi huo, na hakuna aliyemuuliza. Kampuni inapata la kutangaza, mtumiaji anarudi darasani. Hili linanikera kuliko bando, nakwambia, maana bando hununuliwa tena.

Na hapa ndipo unapoionea hiyo kibodi. Katika mabadiliko yote hayo, kilichobaki mahali pake ni mikato ya kibodi. Ctrl na P inaprinti leo kama ilivyoprinti enzi za disketi. Ctrl na S inahifadhi, Ctrl na Z inarudisha ulichoharibu. Shika ufunguo wa Windows pamoja na R, kidirisha kidogo kitafunguka kama kilivyofunguka kwenye Windows 95. Andika control, bonyeza Enter, na ile Control Panel ya wazee itakuja, hata kwenye Windows 11. Andika control printers utafika kwenye printa bila kupita kwenye vigae wala matangazo. Jifunze mikato kumi ya namna hiyo, uache kukariri picha na rangi. Waliojifunza kazi kwa vidole hawahangaiki sana toleo jipya linapoingia.

Jambo jingine ni hilo la wingu. Siku hizi ukiiandaa kompyuta mpya inataka kwanza intaneti na akaunti, halafu inakupendekezea OneDrive ikuhifadhie mafaili. Unakubali bila kusoma, maana maandishi ni mengi na mteja anagonga meza. Baada ya hapo folda zako za Desktop na Documents zinaanza kupandishwa kwenye wingu, ambako nafasi ya bure ni gigabaiti 5. Steshenari yenye picha za pasipoti na skani za vyeti huzijaza hizo upesi sana, na ujumbe wa kukutaka ulipie unaanza kukufuata. Kibaya zaidi, baadhi ya mafaili hubaki kwenye mashine jina tu, na alama ndogo ya wingu pembeni. Ukiwa na intaneti hufunguka. Bando likiisha, faili unaliona na hulipati. Wingu lenyewe si baya. Limewaokoa wengi walioibiwa laptopu. Ila uamue wewe ni folda ipi inapanda. Mafaili ya kazi ya kila siku bofya kulia, chagua yabaki kwenye kifaa daima, na nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Mtegemea cha nduguye, unajua mwisho wake.

Kuhusu flashi, nitakuambia moja tu, kwa sababu imewaliza wanafunzi wengi. Mtu analeta flashi yenye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, unaichomeka, ndani kuna alama za njia ya mkato tupu, folda zake hazionekani. Fundi mwenye haraka atamwambia faili zimeliwa, afomati. Usifomati. Kirusi cha aina hiyo mara nyingi hakifuti kitu. Hukificha tu, kikaweka mtego wake mahali pake, na ukiubofya mtego unakibeba wewe kwenda kwenye flashi ya mteja anayefuata. Fungua lile dirisha jeusi la amri, nenda kwenye herufi ya flashi, andika attrib -h -r -s /s /d *.* kisha Enter. Folda zitarudi. Amri ya attrib ilikuwepo tangu enzi za DOS, kabla ya vigae, kabla ya Start yenyewe. Kisha nakili mafaili ya mtu pembeni, yapitishe kwenye antivairasi, ndipo flashi isafishwe. Na usimtoze kama umemfufua maiti. Umeandika mstari mmoja.

Tuje kwenye jambo ambalo vijana hawapendi nilitaje. Hiyo windo iliyopigwa na fundi kutoka kwenye flashi yake, ikaamshwa kwa programu ya kuvunja kufuli, unajua ilivyoingia? Kabla ya kuiendesha hiyo programu, fundi alizima antivairasi. Lazima aizime, la sivyo programu yake inakamatwa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya maisha ya kompyuta yako, mtu usiyemjua ameandika kitu ndani yake, ulinzi ukiwa umezimwa, kwa kutumia faili alilolipata kwa mtu mwingine usiyemjua. Inawezekana hakuna kibaya kilichoingia. Inawezekana kipo. Huwezi kujua, na fundi naye hajui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo, lakini sikutishi na sheria. Nakuuliza: kwenye mashine hiyohiyo unafungua akaunti za watu za maombi ya mkopo wa elimu ya juu, unaandika nywila zao, unaskani vitambulisho vyao vya NIDA. Hayo yote yako mbele ya macho ya nani?

Maana hapa steshenari haiuzi karatasi, mwanangu. Tazama nani anaingia mlangoni. Mwaka 2014 serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mzee wa Katumba akija na cheti kile amekifunga kwenye nailoni mbili, anataka kopi na skani, ujue aliishi miaka arobaini bila karatasi hiyo. Akija binti wa Mwamkulu na cheti cha kuzaliwa, zimebaki siku mbili dirisha la udahili lifungwe, mwaka wake mzima uko kwenye kompyuta yako. Watu hawa hawajui Windows ni nini wala hawana sababu ya kujua. Mashine ikigoma watakulaumu wewe, na wana haki, kwa sababu walikukabidhi wewe.

Sasa nitazame desktopu yako. Hapo naona vyeti vya watu ambao hata sura zao umezisahau. Picha za vitambulisho, mikataba ya viwanja, barua za talaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na haikuwaandikia mabenki na kampuni za simu peke yao. Mteja akimaliza, mwulize: nifute au nikutunzie? Akisema futa, futa mbele yake, pamoja na kwenye pipa la taka. Akisema tunza, faili liingie kwenye folda yenye jina lake na tarehe, kwenye diski, mahali ambapo mtoto anayekuja kucheza gemu hafiki. Kazi hii haina sifa, hakuna atakayekushukuru. Ifanye hivyohivyo.

Linabaki kubwa. Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakujua. Inawaka, inaprinti, inaimba. Kilichokoma ni viraka vya kawaida. Tundu jipya likigunduliwa leo litabaki wazi kwa asiyejiunga na nyongeza nitakayoitaja, na umeshasikia habari ya WannaCry. Ukitaka kuhamia Windows 11 inakuuliza kuhusu chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Sasa laptopu zetu ni zipi? Ni za mtumba, zimetumika kwenye ofisi za Uingereza na Dubai, zikaletwa Kariakoo, zikapanda basi mpaka hapa. Nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Ni mashine nzuri, bodi zake ngumu kuliko vitu vipya vya plastiki vinavyouzwa sasa. Hazina ugonjwa. Zimekataliwa mlangoni tu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingekumbwa na hali hiyo. Mimi nalisema wazi: kusema kwamba kifaa kizima kimepitwa, ili watu wanunue kingine, ni ubadhirifu, na mzigo wake wanaubeba wale wanaonunua vilivyotumika.

Lakini kulalamika hakutasasisha kompyuta. Hapa Mpanda tuna somo letu wenyewe, liko pale stesheni. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, ililetwa na mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Hakuna aliyetufikiria sisi. Mgodi ulipokufa, waliokuwa wakiuchimba waliondoka. Reli ikabaki, na watu wakapakia mpunga wao, mahindi yao, karanga zao, wakapanda na wao wenyewe. Waliitumia njia iliyojengwa kwa faida ya mwingine, na kila mtu aliushusha mzigo wake stesheni aliyotaka. Basi nawe itumie Windows hivyo. Kazi za watu ziwe kwenye mafaili yanayofunguka popote, kwenye diski unayoweza kuichomoa, ili siku mwenye njia akibadili mawazo wewe ushuke na mzigo wako.

Kwa laptopu ambazo Windows 11 imezikataa una mambo mawili. La kwanza ni la muda: Microsoft imeweka nyongeza ya viraka vya Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, bure kwa anayekubali kuingia na akaunti yake na kuhifadhi mipangilio yake kwao, au kwa dola 30. Inahitaji Windows halali na iliyosasishwa, kwa hiyo uongee kwanza na yule fundi wako. La pili ni Linux, mfumo endeshi mwingine.

Usikunje uso. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na leo ndiyo iliyo chini ya Android ya simu yako, kwa hiyo umeitumia miaka yote hiyo bila kuijua. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma CD zake bure kwa posta popote duniani. Mwaka huohuo, Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux wakazindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tuliipigia makofi, tukaendelea kukariri menyu za Kiingereza. Nadhani tulipoteza kitu pale. Mama wa Makanyagio angekuwa anasoma onyo la kompyuta kwa lugha yake, asingekuwa anabofya OK kwa kuomba Mungu.

Sitakudanganya kwamba Linux haina kero. Waraka wa Word uliopangwa kwa majedwali ukiufungua kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya huko, unaweza kuhama mistari, na fomu ya ofisi ikihama mistari mteja anarudishwa. Printa nyingine zinakubali mara moja, nyingine zinasumbua. Ndiyo sababu haihamiwi kwa hasira. Chukua Linux Mint au Ubuntu, iweke kwenye flashi, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Jaribu printa, jaribu skana, jaribu hotspoti, fungua tovuti za maombi unazozitumia kila siku. Vikikubali vyote, ile laptopu kongwe ya kuchapa na kuprinti ihamie huko, nawe utaona ilivyo nyepesi. Mashine moja ibaki na Windows halali kwa fomu zenye ukaidi. Kuwa na mifumo miwili dukani si usaliti kwa yeyote. Wenye mifumo hiyo si ndugu zako.

Kitu cha mwisho ni ulimi wako. Mashine ikikwama usimwambie mteja mtandao uko chini kama haupo chini. Watu wa Mpanda wamedanganywa sana kwa neno hilo, kuanzia ofisini mpaka dukani. Mwambie kompyuta inajisasisha, itachukua nusu saa, au mwelekeze kwa jirani mwenye nafasi. Ukimpeleka kwa jirani leo, kesho atarudi kwako. Na msaidizi wako akikosea usimpayukie mbele ya watu. Aliyekosea mara nyingi ni aliyemhamishia kitufe.

Fanya haya kabla ya mwezi kwisha. Nunua diski ya nje, uhamishie vyeti vya watu, ufute visivyo na mwenyewe. Angalia kila laptopu hapo ni ya kizazi gani, uandike kwenye karatasi. Tarehe 13 Oktoba 2026 ikifika, kila moja iwe tayari imeshajulikana inakokwenda.